Spekta unayo, modeli ipi? Kulinganisha njia nne za kukokotoa angahewa za vibete kahawia na sayari za mbali

Una spekta mkononi: mstari wenye vilima na mabonde, na kila bonde ni alama ya molekuli iliyomeza mwanga njiani. Huenda ni ya kibete kahawia kinachoelea peke yake, huenda ni ya sayari iliyopita mbele ya nyota yake. Unataka kujua hewa iliyopitiwa na mwanga huo ina joto kiasi gani, imeundwa na nini, na kama ina mawingu. Ukiuliza utumie modeli gani ya kompyuta, kila unayemwuliza anakutajia ile anayoitumia yeye. Ulinganisho huu ni kwa aliyekwama hapo.

Kwanza, kwa nini nawaweka vibete kahawia na sayari katika kapu moja? Gliese 229B, kibete kahawia kilichoondoa shaka kwamba vitu hivi vipo, kilitangazwa mwaka 1995, mwaka uleule ilipotangazwa 51 Pegasi b, sayari ya kwanza kugunduliwa ikizunguka nyota ya aina ya Jua letu. Kibete kahawia kina tungamo ya takriban mara 13 hadi 75 au 80 ya Mshtarii. Hakina uzito wa kuiunguza hidrojeni kwa kudumu kama nyota zifanyavyo, kwa hiyo huzaliwa cha moto na kuendelea kupoa maisha yake yote. Joto lake linatoka chini. Sayari iliyo karibu na nyota yake hupata joto kutoka juu, tena mara nyingi upande mmoja tu. Lakini kemia yao ni ndugu: mvuke wa maji, methani, monoksidi ya kaboni, amonia, na panapokuwa na joto kali, mawingu ya silika na chuma. Ndiyo maana programu iliyoandikwa kwa ajili ya kimoja mara nyingi huhamia kwa kingine.

Vigezo

Kila njia nitaiuliza maswali matano yaleyale. Inajibu swali gani? Inachukulia nini kuwa kweli kabla haijaiona data yako? Inataka nini kwako, yaani data, muda wa kompyuta na muda wa kujifunza? Ikikosea, kosa linajificha wapi? Na inamfaa nani? Swali la nne ndilo ninaloliona zito kuliko mengine, kwa sababu modeli hizi zote hutoa jibu hata pale zisipokuwa na msingi wa kujibu.

Usahihi sikuuweka kama kigezo peke yake. Usahihi huzaliwa pale modeli inapokutana na data. Modeli ya tufe zima ikilinganishwa na vipimo vitano vya mwangaza haitakufundisha zaidi ya kile ambacho vipimo vitano vinaweza kubeba.

Njia ya kwanza: maktaba ya modeli zilizokwisha kukokotolewa

Hapa wengine wamekwisha kuifanya kazi nzito. Wamechukua halijoto mbalimbali, nguvu mbalimbali za mvutano na viwango mbalimbali vya elementi nzito, wakakokotoa angahewa moja kwa kila mchanganyiko, kisha wakaziweka spekta zote mahali pa kupakuliwa. Kwa vibete kahawia, familia ya Sonora iliyoanzishwa na Mark Marley na wenzake ndiyo inayotajwa sana. Bobcat ya mwaka 2021 haina mawingu na inachukulia kwamba kemia imefikia msawazo, yaani gesi zimekwisha kugeuzana mpaka viwango vyake havibadiliki tena. Inaanzia kelvini 200 hadi 2,400. Cholla na Elf Owl zinaongeza gesi inayopandishwa kutoka chini, na Diamondback inaongeza mawingu. Familia nyingine ni ATMO 2020, inayoshughulikia vibete na sayari kubwa zinazopoa.

*Inajibu nini.* Kitu changu kinafanana zaidi na kipi kati ya hivi, na kwa hiyo kina joto gani na mvutano gani? Faida ambayo wengi huisahau ni kwamba maktaba hizi mara nyingi zimefungamanishwa na mahesabu ya jinsi kibete kinavyopoa kadiri kinavyozeeka. Ukijua umri, unaweza kukisia tungamo.

*Inachukulia nini.* Kwamba fizikia aliyoichagua mtunzi wa maktaba ndiyo fizikia ya kitu chako.

*Inataka nini.* Kompyuta mpakato na siku moja ya kazi. Hata spekta yenye kelele nyingi inatosha kuanzia.

*Kosa hujificha wapi.* Katika maneno "inayofanana zaidi". Kompyuta itakutajia mshindi hata kama washindani wote ni dhaifu. Gliese 229B yenyewe ni mfano mzuri. Kwa halijoto yake, msawazo wa kikemia unasema kaboni karibu yote katika hewa inayoonekana inapaswa kuwa ndani ya methani. Mwaka 1997 ikapatikana monoksidi ya kaboni humo, nyingi kuliko ilivyotarajiwa. Gesi ilikuwa ikipandishwa kutoka vilindi vya moto upesi kuliko kemia inavyoweza kuigeuza, jambo lililokwisha kujadiliwa kwa Mshtarii tangu miaka ya 1970. Maktaba ya msawazo ingekupa halijoto ya kuridhisha na isingekunong'oneza hata neno moja kuhusu hilo. Kwa hiyo usisome namba za matokeo peke yake. Chora tofauti kati ya modeli na data katika kila urefu wa wimbi, uangalie inakoshindwa.

*Inamfaa nani.* Mwenye vitu vingi vya kupanga, mwenye data hafifu, na kila anayeanza.

Njia ya pili: kuiendesha mwenyewe modeli ya safu moja

Chukua safu moja ya hewa kutoka vilindini hadi juu kabisa, uikate makumi kadhaa ya matabaka, halafu uiache kompyuta irekebishe halijoto ya kila tabaka mpaka nishati inayoingia ilingane na inayotoka, ama kwa mnururisho, ama kwa hewa ya moto kupanda na ya baridi kushuka. PICASO, programu huria ya lugha ya Python, hufanya kazi hii kwa vibete na kwa sayari pia. HELIOS huifanya kwa kutumia kadi ya michoro ili iende kasi.

*Inajibu nini.* Kwa nini? Unabadilisha kitu kimoja, unaacha vingine vyote, unaona spekta inakwenda wapi. Hakuna njia nyingine kati ya hizi nne inayofundisha fizikia kama hii, na ningependa kila anayeingia katika fani apite hapa japo kwa miezi michache.

*Inachukulia nini.* Kwamba safu moja inaweza kuwakilisha dunia nzima. Kwa kibete kahawia kilicho peke yake hilo si dhana mbaya, kwa kuwa joto linatoka chini kila mahali. Kwa sayari yenye mchana wa kudumu na usiku wa kudumu, dhana inayumba: lazima uingize namba inayosema ni sehemu gani ya joto la mchana inapelekwa usiku, na namba hiyo unaichagua wewe. Mawingu nayo yamefinywa. Katika mbinu ya Ackerman na Marley ya mwaka 2001, ambayo bado inatumika mno, unene wa wingu unategemea namba moja inayoeleza chembe zinavyozama: ikiwa ndogo wingu hurefuka na kuwa zito, ikiwa kubwa wingu hubaki utando mwembamba.

*Inataka nini.* Muda wa kompyuta ni mdogo, dakika hadi saa kwa modeli moja. Muda wa kujifunza ndio mrefu, kwa sababu modeli itakataa kutulia, nawe utalazimika kuelewa ni kwa nini.

*Kosa hujificha wapi.* Katika sababu mbili zinazotoa spekta moja. Hapa nitakaa kidogo, maana mjadala huu unafundisha kuliko kanuni yoyote. Vibete vya daraja la L vina rangi nyekundu katika mwanga wa infraredi. Vikipoa kufikia kelvini 1,300 hivi, vinageuka ghafla kuwa vya daraja la T, vyenye rangi ya kuelekea bluu. Maelezo ya siku nyingi ni mawingu: yanazama au yanachanika, hewa safi ya moto ya chini inaonekana. Kuanzia mwaka 2015 Pascal Tremblin na wenzake wakaja na hoja nyingine. Walionyesha kwamba badiliko la monoksidi ya kaboni kuwa methani linaweza kuitikisa hewa kiasi cha kupunguza tofauti ya joto kati ya chini na juu, na spekta nyekundu ikapatikana bila wingu lolote. Modeli mbili za safu moja, sababu mbili zisizofanana, na data ya infraredi ya karibu haikuweza kuzitenganisha kwa urahisi.

Kilichosaidia ni kutazama penginepo. Chembe za silika humeza mwanga karibu na mikromita 10, na darubini ya Spitzer ililiona bonde hilo kwa vibete kadhaa vya daraja la L. Mwaka 2023 darubini ya James Webb ikaliona waziwazi kwa VHS 1256 b, kitu kilicho mpakani mwa sayari na kibete kahawia. Kwamba mawingu ya silika yapo, sasa ni vigumu kukana. Mchango wa misukosuko ya hewa katika kubadili rangi bado ni swali halali. Kwa anayechagua modeli, maana yake ni kwamba ukipata safu moja inayolingana na data, hujamaliza. Tafuta safu ya pili yenye sababu tofauti, uone kama nayo inalingana.

*Inamfaa nani.* Mwenye swali la sababu, na mwenye kitu cha ajabu ambacho maktaba zote zimeshindwa kukifikia.

Njia ya tatu: ukokotozi wa kinyume

Njia mbili zilizotangulia huanza na angahewa na kuishia kwenye spekta. Hii inageuza. Unaacha huru kiasi cha kila gesi, umbo la halijoto kutoka chini hadi juu, nguvu ya mvutano na mahali pa wingu; kompyuta inajaribu maelfu hadi mamilioni ya michanganyiko na kukueleza ipi inaafikiana na data, kwa kiwango gani cha shaka. Kwa sayari za mbali njia hii iliingia mwaka 2009 kupitia kazi ya Nikku Madhusudhan na Sara Seager. Leo kuna programu huria nyingi: petitRADTRANS, TauREx, POSEIDON, CHIMERA.

*Inajibu nini.* Data hii inaruhusu nini? Hasa ni swali la muundo: maji kiasi gani, methani kiasi gani, uwiano wa kaboni na oksijeni.

*Inachukulia nini.* Kidogo, na hiyo ndiyo sifa yake na ndiyo hatari yake. Kwa kawaida hailazimishi nishati ilingane wala kemia ifikie msawazo. Halijoto inaweza kupanda na kushuka kwa namna ambayo hewa halisi isingekubali, mradi tu mstari uguse data.

*Inataka nini.* Data nzuri: kelele ndogo na urefu mpana wa mawimbi. Kompyuta yenye viini vingi, saa nyingi hadi siku kadhaa. Kuanza ni rahisi, kwani mifano ya mafunzo ipo tayari. Ugumu uko kwenye kuyatilia shaka matokeo.

*Kosa hujificha wapi.* Pengi. La kwanza, haiwezi kupata gesi ambayo hukuiweka kwenye orodha. Mzozo wa sayari K2-18 b umeliweka hilo wazi. Methani na dioksidi ya kaboni zilitangazwa mwaka 2023 kutokana na data ya James Webb, pamoja na dalili dhaifu ya dimethili salfaidi, gesi ambayo hapa Duniani inatokana hasa na viumbe wa baharini. Data zaidi zilipotoka mwaka 2025 na dai likarudiwa kwa nguvu zaidi, wachambuzi wengine walionyesha kwamba ukiipanua orodha ya molekuli, zipo nyingine zinazolingana na data ileile. Namba ya uhakika inayotoka kwenye kompyuta ilikuwa uhakika ndani ya orodha, si nje yake.

La pili, namba za ajabu. Vibete kahawia vikubwa na vidogo vina nusu kipenyo kisichopishana sana na cha Mshtarii, kwa sababu mgandamizo wa elektroni ndani yao ndio unaoamua. Ukokotozi wa kinyume mara nyingine hutoa nusu kipenyo kidogo mno kuliko fizikia inavyoruhusu. Usiifiche namba hiyo kwa kuilazimisha irudi mahali pake. Ni taarifa kwamba kuna kitu modeli haikukijua, mara nyingi mawingu au mabaka usoni mwa kibete.

La tatu linahusu sayari zinazopita mbele ya nyota. Mwanga unapita kingo mbili, ya alfajiri na ya machweo, na mara nyingi tunazichukulia kuwa moja. Mwaka 2020 Ryan MacDonald na wenzake walionyesha kwamba kingo mbili zisizofanana, zikisomwa kama moja, huishusha halijoto inayokokotolewa kwa mamia ya kelvini. Mwaka 2024 James Webb ikazitenganisha kingo za sayari WASP-39 b: machweo takriban nyuzi 800 za Selsiasi, alfajiri takriban 600.

*Inamfaa nani.* Mwenye spekta bora na swali la muundo, aliye tayari kurudia kazi mara tatu kwa dhana tofauti kabla ya kuandika.

Njia ya nne: tufe zima

Hizi ni binamu za modeli zinazotabiri hali ya hewa hapa Duniani. MITgcm ilizaliwa kwa ajili ya bahari na hewa yetu. Unified Model ni ya Ofisi ya Hali ya Hewa ya Uingereza. ROCKE-3D imetokana na modeli ya tabianchi ya NASA. Hukokotoa upepo, joto na mgandamizo kote kwenye tufe, hatua kwa hatua.

*Inajibu nini.* Wapi na lini: upepo unaelekea wapi, mawingu yanakaa upande gani, mwangaza unabadilikaje kitu kinapozunguka. Ushahidi wa nguvu zake ni huu. Mwaka 2002 Adam Showman na Tristan Guillot walitabiri kwamba kwenye sayari kubwa zilizobanana na nyota zao, upepo mkali wa ikweta utalisukuma eneo la moto zaidi upande wa mashariki. Mwaka 2007 Heather Knutson na wenzake walichora ramani ya joto ya HD 189733 b kwa Spitzer, wakalikuta eneo hilo likiwa mashariki. Utabiri ulitangulia, data ikafuata. Ni mara chache fani hii imepata heshima kama hiyo.

*Inachukulia nini.* Mengi yaliyozikwa ndani ya programu: msuguano, sakafu ya modeli iko wapi, mnururisho uliorahisishwa ili kuokoa muda, mawingu madogo kuliko chumba kimoja cha gridi, yaani kipande kimoja cha tufe kama modeli ilivyoligawa.

*Inataka nini.* Kompyuta kubwa ya pamoja, wiki kadhaa, na mtu wa karibu anayeijua programu hiyo. Tabaka za chini za hewa huchukua muda mrefu mno kutulia, na wengi husimamisha modeli kabla hazijatulia.

*Kosa hujificha wapi.* Katika mawingu, kwa sehemu kubwa. Mradi wa ulinganisho uitwao THAI uliipa sayari ileile, TRAPPIST-1 e, modeli nne tofauti. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 2022, na tofauti kubwa zilitokana na jinsi kila modeli inavyoyatendea mawingu. Kwa vibete kahawia kuna ugumu wa ziada: hakuna nyota ya kuusukuma upepo, vinajizungusha kwa saa chache tu, na msukosuko unaotoka chini ni mdogo kuliko gridi. Hata hivyo, ni huko safu moja inakokosa la kusema. Kibete 2MASS J2139 kimeonekana kikibadilisha mwangaza kwa hadi asilimia 26, na mwaka 2014 ilichapishwa ramani ya mabaka ya Luhman 16 B. Safu moja haina baka.

*Inamfaa nani.* Mwenye data inayobadilika na wakati: mzunguko mzima wa sayari, au kibete kinachopepesa.

Kinachozigusa zote nne

Chini ya kila njia kuna orodha ya mistari ya molekuli, inayosema kila gesi inameza mwanga gani. HITRAN ilijengwa hasa kwa ajili ya hewa ya Dunia. Hewa ya kelvini 1,500 ina mistari mingi sana ambayo kwenye joto la chumba haionekani kabisa, na ndiyo sababu ya kuwapo kwa HITEMP na mradi wa ExoMol wa London. Orodha moja ya methani ya ExoMol, ya mwaka 2017, ina mistari bilioni 34. Kabla ya kubishana kuhusu mawingu, angalia modeli yako imepewa orodha ipi, na ya joto gani.

Kwa hali yako

Una vibete hamsini vyenye spekta za wastani: tumia maktaba, mbili za watunzi tofauti. Zikitofautiana kwa kelvini 100, hiyo ndiyo shaka yako halisi, hata kama kila moja inadai kelvini 10.

Una kibete kimoja chenye spekta ya James Webb: anza na maktaba ili upate mahali pa kusimama, kisha ukokotozi wa kinyume, kisha rudi kwenye safu moja uone kama halijoto uliyoipata inaweza kujishikilia yenyewe.

Una bonde usilolifahamu: fuata njia ya WASP-39 b. Karibu na mikromita 4 palikuwa na bonde lisiloelezeka. Modeli za safu moja zenye kemia ya mwanga zilionyesha kwamba miale ya nyota huanzisha mnyororo unaovunja salfaidi ya hidrojeni, na mwishowe hutokea dioksidi ya salfa. Data ilionyesha bonde, kemia ikaeleza lilivyofika pale.

Una mwangaza wa mzunguko mzima, kama ule wa sayari WASP-43 b wa mwaka 2024, wenye mchana wa nyuzi 1,250 hivi za Selsiasi na usiku wa 600: huu ni uwanja wa tufe zima. Kama huna kompyuta kubwa, tafuta matokeo ya modeli ambayo wengine wameyaweka wazi, uyalinganishe na data yako kabla ya kuanza yako.

Una miezi mitatu na hujawahi kuendesha modeli yoyote: safu moja, kwenye kitu kisicho na mawingu, cha joto la wastani, kinachojulikana vizuri. Acha sayari maarufu kwa sasa.

Una sayari ndogo ya mawe: kabla ya njia yoyote kati ya hizi nne, uliza kama angahewa ipo. James Webb ilipopima joto la mchana la TRAPPIST-1 b mwaka 2023, jibu liliafikiana na mwamba mtupu, na kwa mwamba mtupu unahitaji modeli ya uso wa jiwe.